Maneno ya Ujenzi Ambayo Mjumbe wa Bodi Hana Budi Kuyajua

(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Ushirika mbele ya wajumbe wa bodi, mameneja na watunza ghala wa vyama wanachama, Nguvumali, Tanga)

Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya maneno ya ujenzi. Huenda mmoja wenu akajiuliza mkaguzi wa vyama ana habari gani na zege na kenchi. Jibu lake ni jepesi. Nikifungua mizania ya chama cha msingi, mali kubwa kuliko zote niikutayo humo ni jengo: ghala, ofisi, au duka la pembejeo. Nikifungua daftari la malipo, fedha iliyotoka kwa mkupuo mkubwa kuliko mingine yote ni ya ujenzi. Na nikikuta hoja ya kuandika katika taarifa yangu, mara nyingi haihusu fedha iliyochukuliwa usiku kwa kuvunja kasha. Inahusu bodi iliyotia sahihi chini ya maneno ambayo haikuyaelewa.

Mkulima anapokatwa ushuru wa chama katika kila kilo ya korosho, na ushuru ule ukageuka kuwa matofali, bodi imekabidhiwa dhamana mbili: dhamana ya fedha na dhamana ya uhai wa watu watakaoingia chini ya paa lile. Haiwezekani kuilinda dhamana hiyo kwa kumwambia fundi, "Sisi hatujui, wewe ndiye mtaalamu." Leo sitaki kuwafanya mafundi. Nataka mjumbe asimame penye kiwanja, aoneshe kitu kwa kidole, akiite kwa jina lake, na aulize swali lenye jibu.

TUANZE NA NYUMBA TULIYOKULIA

Wengi wetu hapa pwani tumekulia katika nyumba ya miti na udongo, na nyumba hiyo ina elimu yake. Fundi huchimbia nguzo, akafunga fito kwa kamba, kisha wakandikaji wakatomea udongo; ukuta huo ndio kiambaza. Juu ya kiambaza hulazwa mti mrefu uitwao mtambaapanya, kwa kuwa panya huupitia kama barabara yake. Juu kabisa, katikati, hulala mwamba, nao hubebwa na nguzo ndefu. Kutoka kwenye mwamba hadi kwenye mtambaapanya huteremka makombamoyo, na juu ya makombamoyo hufungwa fito za kushikia makuti. Paa la mbele ni kipaa cha mbele, la nyuma ni kipaa cha nyuma, na ya ubavuni ni visusi. Sehemu ya paa inayotokeza nje ya ukuta ni upenu.

Nimeyataja hayo kwa sababu yanatufundisha jambo lililo mama wa mengine yote, nalo ni njia ya uzito. Uzito wa makuti hupokewa na fito, fito huukabidhi kwa makombamoyo, makombamoyo kwa mwamba na mtambaapanya, hizo nazo kwa nguzo, na nguzo kwa ardhi. Hakuna uzito unaopotea njiani. Katika ghala la kisasa majina yamebadilika, lakini njia ni ile ile: bati hubebwa na papi, papi na kenchi, kenchi na lenta, lenta na ukuta, ukuta na msingi, na msingi na ardhi. Mjumbe akiweza kuifuata njia hiyo kwa kidole, toka bati hadi ardhini, bila ya kukwama, amekwisha kuelewa nusu ya ujenzi. Na mahali atakapokwama, hapo ndipo pa kuuliza.

Wazee wetu waliojenga kwa mawe walilijua jambo hili vema. Ukienda Tongoni, kusini mwa mji wa Tanga katika njia ya Pangani, utaona magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo yaliyojengwa kwa matumbawe na chokaa. Katika majumba ya mawe ya pwani vyumba vilikuwa virefu lakini vyembamba, na sababu yake ni boriti: mti wa mkoko una urefu wake, na upana wa chumba haukuweza kuupita. Juu ya boriti yalipangwa mawe na kushindiliwa chokaa, na hiyo ikawa sakafu. Neno hili lina asili ya Kiarabu, na huko maana yake ni paa. Si ajabu, kwani sakafu ya aliye juu ndiyo paa la aliye chini.

WATU NA KARATASI

Kabla ya jembe la kwanza kuna watu na kuna karatasi. Msanifu majengo ndiye achoraye ramani, yaani sura ya jengo na mpango wa vyumba vyake. Mhandisi ndiye akokotoaye nguvu: unene wa nguzo, kina cha msingi, idadi ya nondo. Mkadiriaji majenzi hupima kazi iliyo katika ramani na kuitia bei. Mkandarasi ndiye aingiaye mkataba wa kujenga, na fundi ndiye atendaye kwa mkono. Wa tatu wa kwanza husajiliwa na bodi zao za kitaaluma, na mkandarasi husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1997. Mkandarasi ana daraja lake, na daraja hilo huweka kikomo cha thamani ya kazi awezayo kuichukua. Bodi ya chama ina haki ya kudai cheti cha usajili na kukithibitisha kabla ya kufungua mazungumzo ya bei.

Karatasi ambayo wajumbe huiogopa zaidi ni mchanganuo wa vipimo na gharama. Msiuogope. Kila mstari wake una mambo matano: maelezo ya kazi, kipimo, kiasi, bei ya kipimo kimoja, na jumla. Vipimo vilivyo vikuu ni vitatu. Kitu kirefu kama mfereji wa maji hupimwa kwa mita. Kitu cha kutandaza kama lipu, rangi na bati hupimwa kwa mita ya mraba. Kitu chenye unene kama zege hupimwa kwa mita ya ujazo, yaani urefu mara upana mara kina. Ukiona kazi kubwa imeandikwa "kwa jumla" bila ya kipimo, simama hapo. Neno hilo linafaa kwa usafirishaji wa vifaa au uzio wa muda; halifai kwa msingi wala kwa paa.

Nitoe mfano. Tuseme ghala lina urefu wa mita 20 na upana wa mita 10, na jamvi lake limeandikwa unene wa sentimita 15. Zege linalotakiwa ni mita za ujazo 30. Fundi akimwaga sentimita 10, ametumia mita za ujazo 20 tu. Ukitazama kwa juu jamvi litakuwa zuri, limenyooka, na litang'aa. Lakini theluthi ya kazi haipo, na kwa mchanganyiko wa kawaida hiyo ni zaidi ya mifuko 60 ya saruji, pamoja na mchanga, kokoto na ujira wake. Mjumbe mwenye futi ya kupimia, aliyefika kabla ya zege kumwagwa, angeliliona jambo hilo kwa dakika tano.

MSINGI NA JAMVI

Kazi ya kwanza kiwanjani ni kuseti, yaani kuhamisha ramani kutoka kwenye karatasi hadi ardhini kwa mambo, mbao na uzi. Pembe za jengo lazima ziwe mraba. Kipimo chake ni cha zamani na hakihitaji chombo: kutoka pembeni pima futi 3 upande mmoja na futi 4 upande wa pili, umbali kati ya ncha hizo mbili ukiwa futi 5 kamili, pembe ni mraba. Kwa jengo zima, pima toka pembe hadi pembe kwa mshazari, kisha mshazari wa pili. Vipimo viwili vikilingana, na kuta zinazokabiliana zikilingana, jengo limekaa sawa.

Msingi ni sehemu ya jengo inayokabidhi uzito kwa ardhi. Mtaro wake huchimbwa mpaka ardhi ngumu isiyovurugwa. Hapa Tanga udongo hautofautiani kwa wilaya tu, hutofautiana hata kwa mtaa: pengine mchanga, pengine udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba masika na kupasuka kiangazi, pengine mwamba wa chokaa. Kwa hiyo msinunue kina cha msingi kwa kuiga cha jirani. Chini ya mtaro humwagwa zege, juu yake hupandishwa ukuta wa msingi, kisha katikati hujazwa kifusi. Kifusi sharti kijazwe kwa matabaka, na kila tabaka limwagiwe maji na kushindiliwa. Kifusi kilichomwagwa kwa mara moja hutulia baadaye chini ya magunia, na jamvi lililo juu yake hupasuka.

Jamvi la ujenzi ni lile bapa la zege linalolala juu ya kifusi na kuwa sakafu ya chini. Chini ya jamvi na juu ya ukuta wa msingi hutandazwa tabaka la kuzuia unyevu, ambalo huwa ni nailoni nene au karatasi yenye lami. Wajumbe wengi huliona kuwa anasa na kulifuta ili kupunguza gharama. Ndugu zangu, maji ya ardhini hupanda katika tofali na zege kama mafuta ya taa yapandavyo katika utambi. Katika nyumba ya kulala hilo huleta rangi kubanduka. Katika ghala huleta kuvu kwenye korosho na sumukuvu kwenye mahindi. Chaga za mbao husaidia kuinua magunia, lakini chaga haizuii unyevu wa ukuta. Tabaka hili haliwezi kuongezwa jengo likiisha. Huwekwa siku yake au haliwekwi kabisa.

UKUTA NA LENTA

Ukuta hupanda kwa mistari ya matofali, na kila mstari mafundi huuita kozi. Kozi ya juu lazima ipandane na ya chini, maana yake kiungio cha juu kisikutane na kiungio cha chini, bali kiangukie katikati ya tofali. Ukiona viungio vimefuatana wima kama nyufa zilizonyooka, ukuta huo ni milundo iliyosimama ubavu kwa ubavu, haujashikana. Vyombo vya kuutazama ukuta ni viwili. Timazi, ile risasi inayoning'inia kwenye uzi, huonesha kama ukuta umesimama wima. Pimamaji, lenye kitone cha hewa ndani ya kioo, huonesha kama kozi imelala sawa. Mwombeni fundi aviweke mbele yenu. Fundi mwema hupendezwa na bodi inayojua kutazama.

Yapo mambo mawili yanayochanganywa. Ukuta wa kubeba hupokea uzito wa paa; ukuta wa kugawa hutenganisha vyumba tu. Mjumbe akitaka kubomoa ukuta ili kupanua ofisi, swali la kwanza ni ukuta huo ni wa aina gani. Ghala nalo lina taabu yake: kuta zake ni ndefu, na ndani hamna kuta za kugawa za kuzishikilia. Ndiyo maana hujengewa nguzo za ukuta kila baada ya umbali fulani. Nguzo hizo si mapambo.

Mlango na dirisha ni matundu katika ukuta. Ubao wa juu na wa chini wa mlango tangu zamani twauita kizingiti, na nguzo za ubavuni ni miimo. Katika ukuta wa matofali, juu ya tundu lazima kuwe na kitu kigumu cha kubeba matofali yaliyo juu yake. Na hapa ndipo penye neno lililogharimu chama kimoja nilichokikagua katika mkoa huu.

Mkataba wa ghala la chama hicho ulisema: "Kumwaga lenta, kwa jumla," na bei yake. Bodi ilielewa kwamba lenta ni mkanda wa zege wenye nondo unaozunguka kuta zote. Fundi alimwaga zege juu ya milango na madirisha tu, akadai amemaliza. Walipobishana, kila upande ulikuwa na hoja, kwa kuwa neno hilo hutumiwa na mafundi kwa mambo yote mawili, na mkataba haukusema lipi, wala haukutaja urefu, unene, wala idadi ya nondo. Paa likaezekwa. Msimu wa pili nyufa zikateremka kutoka kwenye pembe, kwa sababu kuta zilikuwa zimesimama kila mmoja peke yake bila ya mkanda wa kuzifunga. Chama kililipa kufumua paa, kikalipa mkanda, kikalipa kuezeka upya. Mwaka huo wanachama hawakupata malipo ya nyongeza waliyoyatarajia. Hakuna aliyeshitakiwa, maana hapakuwa na mwizi. Palikuwa na neno moja lisilofafanuliwa.

Kwa hiyo tuandike hivi: "lenta ya kuzunguka kuta zote" au "lenta ya juu ya matundu", kisha tutaje urefu kwa mita, upana na kina kwa milimita, na nondo kwa idadi na unene. Mstari mmoja zaidi wa wino ungelitosha.

ZEGE NA NONDO

Chokaa ya wazee ilipatikana kwa kuchoma matumbawe kwenye tanuri. Saruji, kama ile inayotengenezwa Pongwe nje kidogo ya mji wetu, hupatikana kwa kuchoma mawe ya chokaa pamoja na udongo wake kwa moto mkali zaidi, kisha kusaga. Chokaa hukauka polepole kwa kushika hewa. Saruji hukaza kwa kushika maji. Kwa sababu hiyo mfuko uliolala kwenye sakafu yenye unyevu huanza kukaza kabla ya kufunguliwa; ukiupapasa ukakuta mabonge magumu yasiyovunjika kwa vidole, usiuingize katika kazi ya kubeba uzito.

Zege ni saruji, mchanga, kokoto na maji. Mkisoma 1:2:4, maana yake ni sehemu moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi. Ukipima kwa ndoo ya lita 20, mfuko mmoja unahitaji ndoo tatu na nusu za mchanga na ndoo saba za kokoto. Fundi asiyepima kwa ndoo wala kwa toroli lenye kipimo kinachojulikana, bali kwa sepetu na macho, hajui mwenyewe anachomwaga.

Maji nayo yana kiasi. Zege lenye maji mengi humwagika kwa urahisi na kuwafurahisha vibarua, lakini maji yaliyozidi yakikauka huacha vitundu, na zege hudhoofika. Baada ya kumwagwa, kinyume chake, zege lihifadhiwe lisikauke upesi kwa jua: limwagiliwe na kufunikwa kwa muda usiopungua siku saba. Nguvu yake huendelea kuongezeka, na wahandisi hulipima katika siku ya 28. Mirunda inayoshikilia mbao za kumwagia zege isiondolewe kwa sababu tu mwenye mirunda ana kazi nyingine. Siku ya kuiondoa aiseme mhandisi.

Zege ni hodari wa kubeba mgandamizo, lakini ni dhaifu likivutwa. Boriti ya zege ikibeba uzito hulegea katikati, na upande wake wa chini huvutwa. Ndiyo sababu ya nondo: chuma hupokea mvuto ambao zege haliuwezi. Kwa hiyo nondo kuu za boriti iliyolala juu ya kuta mbili huwekwa chini, si juu, tena zisiguse mbao, bali zifunikwe na zege pande zote. Ringi ni vile vyuma vyembamba vilivyokunjwa kuzizunguka nondo ili zikae mahali pake na kuzuia mipasuko ya mshazari.

Angalieni unene. Ramani ikisema milimita 12, na zikaletwa za milimita 10, jicho haliioni tofauti. Lakini eneo la chuma limepungua karibu theluthi moja, na nguvu vivyo hivyo. Kipimo cha kaliba ni chombo kidogo, na chama kikuu kinaweza kukinunua kikazunguka kwa vyama vyote.

Neno la mwisho katika fungu hili lawahusu hasa walio karibu na bahari. Mchanga wa ufukweni una chumvi, na chumvi hutafuna chuma. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilikotoka, basi hulisukuma zege kutoka ndani mpaka likabanduka. Nondo ikionekana nje baada ya miaka michache, mara nyingi kisa ni mchanga wa bure uliozolewa pwani, au zege jembamba mno lililoifunika.

PAA

Kenchi ni fremu ya mbao au chuma yenye umbo la pembetatu inayobeba paa. Papi ni mbao nyembamba zinazolala juu ya kenchi, nazo hupokea misumari ya bati. Kofia ni bati lililokunjwa linalofunika mgongo wa paa, ambako vipaa viwili hukutana. Kenchi sharti ifungwe kwa chuma kilichozikwa ndani ya lenta, kwa sababu upepo wa kusi hausukumi tu, huinua. Paa jepesi la bati lisilofungwa huondoka pamoja na mbao zake.

Kuhusu bati, kumbukeni kwamba hesabu ya geji huenda kinyume. Geji 30 ni jembamba kuliko geji 28. Muuzaji akimwambia mjumbe, "Nimekupa namba kubwa zaidi," amempa bati dogo zaidi. Mjumbe asome pia upana unaofunika baada ya kulaliana, si upana wa bati zima, kwani ule wa kwanza ndio utakaohesabiwa juu ya paa.

NYUFA NA MATUNZO

Methali yetu ya ufa na ukuta wanachama wote waijua, lakini si kila ufa una maana moja. Ufa mwembamba kama unywele, uliotapakaa juu ya lipu, mara nyingi ni lipu iliyokauka upesi. Ufa wa mshazari unaoanzia kwenye pembe ya dirisha, au unaofuata viungio kama ngazi, huashiria msingi unaotitia au lenta isiyokuwepo. Ufa mpana juu kuliko chini unaeleza kwamba kuta zinaachana. Wekeni alama ya kalamu katika ncha mbili za ufa, mwandike tarehe, na kila mwezi mtazame kama umeipita alama. Kazi hiyo haina gharama, na mwenye daftari hilo humsaidia mhandisi kuliko mwenye malalamiko.

Majengo hayaanguki kwa ajali tupu. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katika mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka likaua watu 36. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa mwaka 1883 wakati wa Sultani Barghash, ilianguka ikiwa katika matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo jingine likaporomoka Kariakoo huku watu wakiwa katika biashara zao. La kwanza lilikuwa halijamalizika, la pili lilikuwa na umri wa zaidi ya karne, la tatu lilikuwa limejaa watu. Upya hauliponyi jengo, wala heshima ya historia hailiponyi. Ghala letu la chini tu si jambo dogo pia: wapagazi huingia humo kwa zamu, na magunia hupangwa hadi karibu na kenchi.

LINI TULIPE

Malipo ya ujenzi yafuate kazi, wala yasiitangulie. Ikiwa pana malipo ya awali, yawe na dhamana. Kila awamu ilipwe kwa hati ya malipo iliyotiwa sahihi na msimamizi aliyepima kazi, asiwe mkandarasi mwenyewe. Sehemu ya kila malipo huzuiliwa kama mkataba unavyosema, na hutolewa baada ya kipindi cha uangalizi, ambamo mkandarasi hurekebisha kasoro zitakazojitokeza kwa gharama yake. Bodi inayolipa fedha yote siku ya kukabidhiwa ufunguo imejinyima fimbo yake pekee. Kadhalika, kazi ya ziada isilipwe kwa agizo la mdomo. Iandikwe, ipimwe, na ikubaliwe kabla ya kutendwa.

Kanuni iliyo kuu ni hii: kazi itakayofunikwa ikaguliwe kabla ya kufunikwa. Mtaro ukaguliwe kabla ya zege, kifusi kabla ya jamvi, nondo kabla ya kumwaga, kenchi kabla ya bati. Siku hizo nne ziandikwe katika mkataba, na wajumbe wawili waende, watie sahihi katika daftari la kiwanja. Mkaguzi ajaye baada ya mwaka hawezi kuona kilichofukiwa. Ataona karatasi zenu tu.

Msisahau pia upande wa sheria. Ujenzi uwemo katika makisio yaliyopitishwa na Mkutano Mkuu, na mkopo wake usivuke ukomo wa madeni uliokubaliwa na kuidhinishwa na Mrajis chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013. Kibali cha ujzenzi kutoka halmashauri kipatikane kabla ya kuchimba.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KUTIA SAHIHI

Nimalizie kwa maswali ambayo ningependa kila bodi iyanakili na kuyabandika ofisini:

1. Mkandarasi amesajiliwa, na daraja lake linaruhusu thamani ya kazi hii?
2. Ni mistari gani ya mchanganuo iliyoandikwa "kwa jumla", na kwa nini?
3. Lenta ni ya kuzunguka au ya juu ya matundu? Ina nondo ngapi, za milimita ngapi?
4. Unene wa jamvi ni kiasi gani, na tabaka la kuzuia unyevu limo?
5. Mchanga utatoka wapi?
6. Bati ni geji gani, na kenchi zimefungwa na nini?
7. Nani atapima kazi, na ni lini wajumbe watakagua kabla ya kufunika?
8. Ni kiasi gani kitazuiliwa, na kwa muda gani?

Chama ambacho bodi yake itapata majibu manane ya maandishi, na kuyahifadhi katika jalada moja na ramani, kitanirahisishia kazi nitakapofika. Lakini sisemi hayo kwa ajili ya mkaguzi. Mwanachama aliyepeleka gunia lake ghalani na kurudi nyumbani na stakabadhi mkononi ameamini kwamba paa lile halitavuja na ukuta ule hautalala. Hakupata nafasi ya kuusoma mkataba. Aliwachagua ninyi muusome kwa niaba yake.